Santuri za Blind Alfred Reed: sauti inatoka kama imefunikwa blanketi, kosa liko wapi?

fidla_kavu:
Habari wakuu. Nina santuri mbili za Victor, inchi 10, jina kwenye lebo ni Blind Alfred Reed, mwimbaji kipofu na mpiga fidla wa Marekani. Moja ni "The Wreck of the Virginian" (wimbo wa ajali ya treni), nyingine ni ya kikao chake cha mwisho, Desemba 1929. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta. Pleya ina kasi za 33 na 45 tu (mizunguko kwa dakika), sindano ni ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye. Nachezesha kwa 45, kisha naharakisha kwenye programu ya Audacity. Matokeo: besi inavuma, sauti ya mwimbaji iko chini ya blanketi, na mchakacho unaizidi fidla. Hata nikipanga 78, kasi ya santuri hizi, naona anaimba juu kidogo. Isitoshe, santuri moja inapiga tik, tik, tik upande mzima.

Tatizo ni santuri, sindano au programu? Nioshe na nini? Na naruhusiwa kuziweka YouTube?

sindano_butu:
Anza na sindano, mkuu, mengine baadaye. Ncha ya sindano ya LP ina upana wa kama mikroni 18. Mfereji wa santuri ya 78 unataka kama mikroni 76, yaani mili 3 (mili ni sehemu ya elfu ya inchi). Sindano yako haigusi kuta, inaburuzika chini kabisa ya mfereji ambako kuna vumbi, mchanga na unga wa chuma wa sindano za zamani. Sauti iko kwenye kuta. Ndiyo maana mchakacho unamshinda mwimbaji, na hakuna programu ya kukurudishia ambacho sindano haikukisoma.

Huhitaji pleya mpya. Angalia jina la katriji yako (kile kichwa kinachobeba sindano), kwani nyingi zina sindano ya 78 unayochomeka palepale. Kwa zile za Audio-Technica za VM95, kwa mfano, ni ile inayoishia na SP. Ukibadilisha sindano, panga upya uzito wa mkono kama mtengenezaji alivyoandika. Sindano nyingi za 78 zinataka gramu 3 hadi 5. Wengi wanaogopa kuongeza, wanabaki na gramu 2 za LP, sindano inarukaruka na kila mruko unachimba ukuta.

Mili 3 ikikupa sauti inayokwaruza kwenye noti za nguvu tu, mfereji umelika. Magramafoni ya wakati ule yalikuwa na kichwa kizito na sindano za chuma, na wenye santuri hawakuzibadilisha kila upande kama walivyoagizwa. Hapo tafuta ncha ya mili 2.5 au 3.5, ipite juu au chini ya sehemu iliyolika. Tofauti inaweza kuwa kubwa kweli.

Rekodi kwa stereo ingawa santuri ni mono. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, halafu zote pamoja. Mara nyingi ukuta mmoja umelika kuliko mwenzake.

mama_shelaki:
Kuosha: kamwe usitumie spiriti wala kitu chochote chenye pombe. Hizo santuri zina shelaki, aina ya utomvu mgumu, na pombe inaiyeyusha. Mng'ao ukishapotea ndiyo basi.

Chukua maji ya vuguvugu nusu lita, matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo, na brashi laini. Piga brashi kwa kufuata mifereji, usikate katikati. Lebo isilowe. Suuza kwa maji ya betri, yale ya kuongezea, SI asidi. Soma chupa mara mbili. Maji ya bomba yakikauka yanaacha chumvi kwenye mifereji, na chumvi inasikika. Futa, simamisha wima, acha zikauke kabisa. Usiziloweke, na maji ya moto yanapinda santuri.

Hayo ni kwa Victor. Ukipata ile minene ya Edison, maji yasiiguse kabisa, maana moyo wake unavimba.

Hiyo tik ya kila mzunguko ni ufa. Hesabu: kwa 45 zitakuwa tik 45 kwa dakika. Ishike santuri kwenye mwanga wa pembeni uone ufa unaanzia ukingoni au katikati. Usiinamishe kwa vidole kuupima! Ukiwa umefika kwenye shimo, cheza mara moja tu, rekodi, weka.

kasi_78:
Kuhusu blanketi. Ralph Peer, aliyemrekodi Reed kwa ajili ya Victor, alitundika mablanketi ukutani kule Bristol, Tennessee, lakini hilo lako si lake, umelifuma mwenyewe.

Priampu ya LP (kikuza sauti cha kwanza baada ya sindano) inafuata mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kusawazisha besi na sauti nyembamba: inaongeza besi chini ya Hz 500 na kukata sauti nyembamba kuanzia Hz 2122. Ukicheza kwa 45 kisha ukaharakisha mara 1.739, hiyo 500 inakuwa 870 na 2122 inakuwa 3690. Maana yake besi imeongezwa mpaka katikati ya kifua cha mwimbaji. Na santuri ya Victor ya 1927 haikurekodiwa kwa mkunjo huo hata kidogo, RIAA yenyewe ni ya miaka ya 1950.

Fuata mpangilio huu, usiugeuze. Rekodi kwa 96 kHz, biti 24. Kabla ya kuharakisha, ondoa RIAA kwa mkunjo wa kinyume. Ndipo uharakishe kwa asilimia 73.9 (ukianzia 45). Mwisho weka besi ya zama zile, ukiongeza taratibu chini ya Hz 250 hivi. Juu usikate ila kidogo, kwa masikio. Watu wengi wanaharakisha kwanza, halafu wanashangaa kwa nini mkunjo hausaidii.

Tik zitolewe mwanzoni, kabla ya yote haya, zikiwa bado kali. Mchakacho punguza kidogo tu. Fidla ya Reed ina upepo wa upinde, ukibana sana inakuwa filimbi.

Kasi: 78.26 ndiyo kasi ya Marekani ya umeme wa Hz 60, lakini mashine ya kurekodia Bristol iliendeshwa kwa uzito unaoshuka, kama saa ya ukutani. Hivyo 76 au 77 si ajabu. Mizunguko 4.4 ni nusu toni. Sikiliza nyuzi wazi za fidla, G, D, A, E. Zikiangukia katikati ya noti mbili za kinanda, shusha kidogo kidogo. Ila usidai usahihi wa robo toni, walikuwa wakipatana wenyewe kwa wenyewe.

fidla_kavu:
Ufa umeonekana, unaanzia ukingoni, kama sentimita 3. Kuna namna ya kujua ni rekodi ipi hasa? Na YouTube je?

mzee_wa_lebo:
Karibu na shimo tafuta herufi VE ndani ya duara la yai, hiyo ni rekodi ya umeme, yaani ya maikrofoni. Kwenye saa tatu asubuhi ya saa ya mshale, yaani kushoto, kuna tarakimu ndogo: ni mara ya ngapi alirudia. Namba ya lebo itafute kwenye katalogi ya DAHR ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, itakupa tarehe na wapigaji.

Huo wa treni ulirekodiwa tarehe 28 Julai 1927, miezi miwili tu baada ya ajali yenyewe kutokea Ingleside, West Virginia. Wiki moja baadaye, chumba kilekile, akaingia Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country, ambaye jina lake Wakipsigis walikuja kuliimba "Chemirocha". Reed baada ya 1929 hakurekodi tena, akafa 1956, na LP ya kumkusanya ikatoka 1972.

YouTube: kwa sheria ya Marekani, rekodi za 1923 hadi 1946 zinalindwa miaka 100. Iliyotoka 1927 inakuwa huru tarehe 1 Januari 2028. Hesabu inaanzia mwaka wa kutoka, si wa kurekodi. Kwa hiyo hiyo ya Desemba 1929, kama ilitoka 1930, ni 2031.

Na ufa wa ukingoni: anza kucheza upande usioupenda. Ukienda vibaya utaujua hapo.