Ryan, Rayyan na jina la marehemu babu yake: naombeni msaada kabla ya Alhamisi

Bibi wa Mkomani
Jumapili, saa 3 usiku

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni mtu wa Amu, mtaa wa Mkomani, ila kwa sasa nimo Malindi kwa mwanangu. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, Alhamisi iliyopita, magharibi imeshaadhiniwa. Alhamdulillahi, mama na mtoto wazima. Karatasi ya hospitali imeandikwa Alhamisi, lakini kwetu jua likishatua siku imegeuka, kwa hivyo namhesabu ni mtoto wa Ijumaa na akika yake ni Alhamisi hii. Mbuzi ameshapatikana, kinyozi ameshaambiwa. Jina ndilo halijapatikana.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi. Miaka na miaka alibeba boriti kutoka Amu kwenda Mombasa. Jina lake Bwanaheri. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu, nami bibi nimwite mume wangu, nimtanie, nimgombeze kwa makosa ya yule aliyeondoka. Nalingoja hilo tangu siku tuliyomzika. Nyumba yetu imekaa mwaka mzima hapana mtu anayeita jina lile kutoka ukumbini, na mimi bado nikisikia kikohozi uchochoroni huinua kichwa.

Mwanangu hataki, na sababu yake si ya kipuuzi. Babake alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimwambia Bwana si jina, ni heshima tu, akamwandika Heri. Vyeti vya skuli vya watoto vikaja Bwana Heri, maneno mawili. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kikaja Bw. Heri, na nukta yake. Mtu mmoja akawa watu watatu. Mwanangu alipotaka pasipoti akatakiwa ale kiapo kwa wakili kwamba hao watatu wote ni babake mmoja, na kazi ya meli iliyokuwa ikimngoja ikaenda kwa mwingine. Sasa anasema mtoto wake ataitwa Ryan. Herufi nne, hapana karani wa kukosea. Mkewe anasema sawa, ila liandikwe Rayyan lipate kuwa la Kiislamu, maana ni jina lile lile moya.

Je, kweli ni jina moja? Maana yake ni nini? Na yule karani alisema kweli, kwamba Bwanaheri si jina?

Kisauni77
Jumapili, saa 4 usiku

Waalaykum salaam bibi, hongera. Rayyan ni jina zuri sana. Imo katika Sahih Bukhari kwamba Peponi kuna mlango uitwao Rayyan, wataingia kwao waliokuwa wakifunga, na hataingia mwingine yeyote. Mpeni hilo. Na jina la babu halipotei, litafuata kwenye nasaba: Rayyan mwana wa fulani, mwana wa Bwanaheri.

Bibi wa Mkomani
Jumapili, saa 4 usiku

Ahsante mwanangu, na hadithi hiyo imenifurahisha. Lakini jina la tatu ni la kaburini na la mahakamani. Mtoto akiwa anacheza gati hapana anayemwita kwa jina la tatu.

Mtembeza Wageni, Malindi
Jumatatu, saa 11 alfajiri

Shikamoo bibi. Pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa mjukuu.

Nimetembeza wageni hapa Malindi miaka 22, Wataliano kuliko wote, na tangu mwanzo nina daftari la majina. Mgeni akinitajia jina humuuliza maana yake. Wengi hawajui, basi jioni natafuta mwenyewe na kuandika. Sasa niko daftari la nne, na swali lako sikuweza kulilalia.

Ryan na Rayyan si jina moja. Yamekutana masikioni tu. Ryan linatoka Ayalandi. Kwanza lilikuwa jina la ukoo, Ó Riain, yaani kizazi cha Rian, halafu watu wakaanza kuwapa watoto kama jina lao la kwanza. Wenyewe hulifasiri mfalme mdogo, kwa kuwa mfalme kwa lugha yao ni rí. Rayyan ni Kiarabu na asili yake ni maji: ni mtu aliyekunywa mpaka kiu ikaisha kabisa. Kinyume chake ni atshan, mwenye kiu. Ndipo utakapoona kwa nini mlango wa wafungaji umeitwa vile. Mkwe wako amekosea kusema ni moja, lakini kati ya hayo mawili amechagua lenye uzito.

Hapo kuna jambo namwomba mwanao alitazame, nami namwambia kwa heshima kwa sababu najua makaratasi yalivyomtesa. Jina la babake lilikataliwa kwa kuwa ni cheo. Na hili analolitaka badala yake, maana yake ni cheo! Bwana wa heri anamwacha, anamchukua mfalme mdogo wa Ayalandi.

Yule karani hakusema kweli, bibi. Dunia nzima watu wamewaita watoto wao kwa neno la ubwana. Kila Mtaliano anayeitwa Domenico amebeba neno la Kilatini dominus, ambalo ni bwana. Domenico ni wa Bwana, na siku ya Jumapili kwao ni domenica kwa sababu hiyo hiyo. Cyril ni la Kigiriki, kutoka kyrios, nalo ni bwana pia. Tuje kwetu. Mwinyi ni nini kama si bwana, mwenye mji? Na Tanzania imekuwa na Rais Ali Hassan Mwinyi miaka 10, kuanzia 1985, hapana aliyemwambia hilo si jina. Huko kwenu Fumo ni cheo, na bara ya pili tu kutoka Amu alikuwako Fumo Bakari, sultani wa Witu, ambaye Waingereza walimwendea kwa vita mwaka 1890. Na Bwana Heri mwenyewe yumo katika historia: mtawala wa Saadani aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889, wakati Abushiri anapigana nao upande wa Pangani. Jina hilo limo katika vitabu vya skuli, ofisi gani itasema halipo?

Nawe usidhani majina ya wageni yamesimama tu bila kubadilishwa na makarani na mapadri na baba wenye haraka. Nikiwapeleka watu kwenye lile kanisa dogo la Wareno, la makuti, penye makaburi, huwasimulia habari za Francis Xavier, aliyepita hapa Malindi mwaka 1542 akienda Goa. Xavier ni jina la ngome ya kwao, na kwa Kibaski ni nyumba mpya tu, etxe berri. Na Francis amepewa jina la yule mtakatifu wa Assisi, ambaye hakubatizwa Francesco. Alibatizwa Giovanni. Babake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Aliporudi kutoka Ufaransa akaanza kumwita mwanawe Francesco, yaani Mfaransa, na lile la ubatizo likasahauliwa. Kwa hivyo kila Francis unayemjua amebeba penzi la mchuuzi mmoja kwa nchi aliyokwenda kununua vitambaa. Giovanni nalo ndilo Yohana, ndilo John, ndilo Ivan wa Warusi, na katika Qurani ndiye Yahya, ambaye Surat Maryam inasema hapakuwa na aliyeitwa hivyo kabla yake. Kwa Kiebrania ni Mungu amefadhili. Kwa sikio la Mwarabu, Yahya ni anaishi.

Nikuonyeshe ukurasa mmoja wa daftari nimalize, kuna watu wananingoja mnarani. Mwaka juzi nilikuwa na mzee Mtaliano, mkulima wa zabibu, mikono yake ina nyufa kama ya mtu anayepasua kifuu kila siku. Jina Giorgio. Nikamwambia jina lako ni la Kigiriki, ge ni ardhi na ergon ni kazi: wewe ni mfanya kazi ya ardhi. Akanyamaza, akaitazama mikono yake. Nikamwambia mwanangu wa pili anaitwa Harith, na Harith kwa Kiarabu ni mlimaji. Basi nyie ni masomo. Ilibidi nimweleze somo ni nini, kwamba ni mtu mliyegawana naye jina, na kwamba somo wako ana haki juu yako. Aliporudi kwao alimtumia Harith buti za shamba. Kubwa mno, lakini tunaziweka.

Charo wa Marafa
Jumatatu, saa 2 usiku

Bibi, mimi ni Mgiriama, kwetu ni huko Marafa. Nasoma hapa nasikia kama mko barazani kwetu. Charo kwa Kigiriama ni safari. Mama alikuwa njiani anatoka sokoni nilipozaliwa, nikaitwa hivyo. Ndugu ya babu yangu alizaliwa mwaka wa njaa, akaitwa Nzala, ambayo ndiyo njaa yenyewe. Alikufa mzee, ana ng'ombe na mashamba, na bado aliitwa Njaa na akaitika. Kwa hivyo mtu asikwambie jina lazima litoke kwa Waarabu au kwa Wazungu ndio liwe na maana.

Mtoto wako kama ni wa Ijumaa, angekuwa Juma, na angekuwa Ghana angekuwa Kofi. Waakan huwaita watoto kwa siku waliyozaliwa. Kofi Annan, yule wa Umoja wa Mataifa, ni Juma wa kwao, na Kwame Nkrumah ni wa Jumamosi. Kama unafuata karatasi ya hospitali, basi huyo ni Khamisi.

Nina swali pia. Kanisani nilibatizwa James. Mtembeza Wageni, James ni nini?

Mtembeza Wageni, Malindi
Jumatatu, saa 3 usiku

Charo, James ni Yakubu. Wataliano husema Giacomo. Kiebrania ni Yaakov, na wao hulihusisha na kisigino, kwa kuwa alizaliwa amemshika pacha wake kisigino. Kilatini kikamfanya Iacobus, midomo ya watu ikamfanya Iacomus, na kutoka hapo akafika kwako akiwa James. Kama una jirani Yakubu, mwamkie kesho kama somo wako.

Na hilo la Khamisi limenifurahisha. Khamisi ni wa tano, kwa hesabu ya Waarabu wanaoanza wiki Jumapili. Sisi Waswahili tunaanza Jumamosi, kwa hivyo tano yetu ni Jumatano. Wiki moja ina tano mbili, moja yetu na moja ya Waarabu, zimekaa jirani.

Charo wa Marafa
Jumatatu, saa 3 usiku

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Yakubu! Ana duka la vipuri vya bodaboda. Miaka 9 tunasalimiana.

Bibi wa Mkomani
Jumanne ya wiki iliyofuata, saa 10 alasiri

Marahaba wanangu, na nisameheni kwa kuchelewa, nyumba ilikuwa na wageni.

Ule ujumbe wa Mtembeza Wageni nilimsomea mwanangu jikoni, mimi nakuna nazi, yeye amesimama mlangoni na simu yake. Nilipofika pale pa mfalme mdogo wa Ayalandi hakusema neno. Akanichukua simu mkononi, akasoma mwenyewe mpaka chini, akarudi juu akasoma tena habari za Bwana Heri wa Saadani. Kisha akaniuliza, "Baba alijua haya?" Nikamwambia babako alijua pepo za kusi na kaskazi na kila fungu la mchanga hapa pwani, lakini hayo hapana aliyemsimulia.

Alhamisi mtoto alinyolewa, nywele zikapimwa kwa fedha, tukatoa sadaka. Mamake ndiye aliyesema, si mimi, aitwe Bwanaheri, na yeye nyumbani atamwita Rayyan kwa sababu amelizoea kinywani tangu mimba. Nimeridhika. Babu yake naye alikuwa na jina la chomboni ambalo mimi sikulitumia hata siku moja.

Jana tulikwenda ofisini kujaza fomu. Nilimwomba mwanangu anipeleke, nikakaa kwenye benchi karibu nione. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, na baina ya A na H hakuacha nafasi hata ya kupita uzi. Kijana aliyepokea fomu akasoma kwa sauti, "Bwana Heri?"

Mwanangu akamwambia, "Bwanaheri. Neno moja. Hebu niandikie hapo kwenye kompyuta nione."

Akageuziwa kioo, akasoma herufi moja moja kwa kidole. Nami nimelala jana usiku nimemweka mume wangu kifuani, ana siku 11, na sauti ya kulia anayo.