Mkonga (Toyota Land Cruiser HZJ78): ninyanyue inchi 2 au inchi 4? Naombeni ushauri

DaktariWaBondeni

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni daktari wa mifugo, makazi yangu Mto wa Mbu. Gari ninalotumia ni mkonga, HZJ78, mashine ya 1HZ, mbele koili na nyuma springi za mabamba. Njia yangu ni Selela, Engaruka, Ngaresero, na mara nyingine napitiliza hadi Pinyinyi. Anayeifahamu njia hiyo anajua: vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, makorongo yanayobadilika kila mvua ikinyesha, mawe, halafu vile vijituta vya mfululizo vinavyong'oa meno.

Springi zimelala. Nyuma gari limekaa chini hata likiwa tupu, na nikishuka korongoni linagonga hadi abiria wananiangalia usoni. Fundi mmoja anasema ninyanyue inchi 4 nimalizane nalo. Mwingine anasema niongeze mabamba mawili nyuma na spesa mbele, eti ni nafuu.

Ninachobeba: friji ya chanjo, betri ya ziada, madumu ya maji, tairi mbili za spea, keria juu, madawa, msaidizi wangu, na mtungi wa nitrojeni ya maji. Huo mtungi ndio unaoninyima usingizi. Chanjo ya ndigana kali inakaa humo kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na chombo cha ndani kinaning'inia kwa shingo yake tu ndani ya ganda la nje. Shingo ikipata ufa kwa mtikisiko, hewa inaingia kwenye ule utupu wa katikati, nitrojeni inachemka na kuisha, na dozi zote zinafia garini huku wafugaji wameshakusanya ndama tangu alfajiri wananisubiri. Kwa hiyo nataka gari linyanyuke, lakini lisije likawa gumu kama lori la kokoto.

Nawasilisha.

TopeHalinizuii

Daktari, nenda inchi 4 na tairi za 285/75R16. Mimi nina 79, Land Cruiser ya pikapu, nimeweka hivyo, na masika ya Loliondo napita wakati wenzangu wanasubiri trekta. Ukiweka inchi 2 utajuta, utarudi gereji mara ya pili.

FundiUngaLimited

Habari za kazi, daktari. Kazi yangu ni springi na shokapu, hapa Unga Limited, Arusha, na magari mengi yanayoingia kwangu ni ya watalii na ya miradi. Niruhusu niandike kwa kirefu, maana mzigo wako unastahili.

Umeuliza kimo. Anza na uzito. Watengenezaji wakubwa wa vifaa hivi, kama Old Man Emu, Tough Dog, Ironman na Dobinsons, wote wa Australia, wanakuuzia kimo kilekile cha milimita 40 au 50 kwa springi tofauti kabisa: ya gari tupu, ya gari lenye mzigo wa kati, na ya gari lililojaa muda wote. Ukichukua ya mzigo mzito halafu unatembea mtupu, gari linaruka kila jiwe na mtungi wako unapata kipigo chote. Ukichukua laini halafu ukapakia, baada ya muda zinalala kama hizo ulizonazo.

Nenda kwenye ghala la mazao lenye mzani wa magari. Pima gari likiwa tupu lakini tangi limejaa. Kisha pakia kila kitu kama unavyokwenda kazini, na nyinyi wawili mkiwa ndani, upime tena. Mara zote mbili panda kwanza na tairi za mbele peke yake, andika, kisha ingiza gari zima. Ukitoa namba ya mbele kwenye ya gari zima unapata uzito wa nyuma. Halafu pima kwa tepu kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne. Usipimie ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.

Sasa hizo inchi 4. Mkonga una ekseli nzima mbele na nyuma. Hata ukinyanyua bodi futi moja, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi, na ukitoka 265/75R16 kwenda 285/75R16 difu inapanda kama milimita 15 tu. Ndugu yangu hapo juu anapita kwenye tope kwa sababu bodi na chesesi havilali kwenye udongo, na hilo ni kweli kabisa. Lakini wewe shida yako ni kugonga korongoni ukiwa na mzigo, na hiyo ni kazi ya springi yenye nguvu na shokapu nzima.

Bei ya inchi 4 haiishii kwenye springi. Ekseli ya mbele inazunguka kidogo kwenye mikono yake, kasta (mlalo wa magurudumu ya mbele unaonyoosha usukani) inapungua na usukani unaanza kutangatanga. Fimbo inayoshika ekseli isihame inaivuta upande mmoja. Propela ya mbele inapata pembe kali na joint zinaanza kutetemeka. Paipu za breki zinavutika gurudumu likining'inia. Juu ya hayo una keria yenye tairi mbili: kwenye mteremko wa pembeni, uzito wote huo uliokaa juu ndio unaopindua gari. Kwa inchi 2 unahitaji bushi za kurekebisha kasta, unakagua paipu za breki na bomba la kupumulia la difu, basi.

Kitu kimoja mafundi wengi hawakigusi, na mimi nakipigania kila siku. Kama gari lako ni toleo lisilo na ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), tafuta valvu ya breki za nyuma. Imefungwa kwenye chesesi, na ina kijiti kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likibeba mzigo, chesesi inashuka, kijiti kinasukuma, na valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukishanyanyua gari, valvu inaona umbali umeongezeka, inadhani gari ni tupu, inabana breki za nyuma. Wewe umejaza gari na unashuka mlima kwa breki za mbele. Dawa yake ni kuinua kile kishikizo cha kijiti kwenye ekseli kwa kipimo kilekile ulichonyanyua gari. Ni kipande cha chuma na boliti mbili. Usilipe pesa ya fundi kabla hajakuonyesha alipokiweka.

Spesa inaongeza kimo lakini haiongezi nguvu hata kidogo, koili iliyolala inabaki imelala. Mabamba ya kuongeza yanasaidia lori. Kwako yataufanya mwendo wa nyuma kuwa mkavu, na senta boliti, ile inayoyashika mabamba pamoja katikati, itakatika mapema.

Shokapu: kinachoziua kwenye vijituta ni joto. Mafuta yanachemka, yanachanganyika na hewa, yanatoa povu, na shokapu inakuwa kama haipo. Nunua zenye mwili mnene na mafuta mengi. Zile za foam cell, yaani zenye sponji ndani, Ironman na Tough Dog wote wanazo, zinavumilia vizuri kwa njia yako. Na lazima ziwe ndefu kulingana na springi mpya. Ukibakiza za zamani zitafika mwisho wa kunyooka kila gurudumu linapoingia shimoni na kung'oa vishikizo vyake.

DerevaWaNaabi

Fundi kamaliza, mimi naongeza la upande wa dereva. Daktari, mtungi umeuweka wapi? Kama uko nyuma kabisa karibu na mlango, hapo ndipo panaporuka kuliko sehemu zote za gari. Usogeze mbele ya ekseli ya nyuma, katikati ya gari, usimame wima juu ya godoro la sponji na ufungwe mikanda pande nne. Friji na madumu ndiyo yakae nyuma.

Pia punguza upepo kama robo ukishaacha lami, na mwendo upungue. Sisi tunaotoka Lodoare, geti la Ngorongoro, hadi Naabi, geti la Serengeti, kila siku tunaona tofauti kubwa sana, hata vioo vya wageni vinatulia. Ukirudi Mto wa Mbu jaza kabla ya kuingia barabara kuu.

DaktariWaBondeni

Asanteni sana. Nimepima kwenye ghala la mpunga hapa hapa. Likiwa tupu: mbele 1,220, nyuma 1,210. Likiwa limepakiwa: mbele 1,290, nyuma 1,670. Katika kilo 530 zilizoongezeka, kama 350 hazishuki kamwe. ABS sina, na valvu nimeiona, kijiti chake kimeshika kutu. Mbele sina winchi wala bampa la chuma. Mtungi ulikuwa mlangoni kweli, kaka dereva, nimeshauhamisha.

FundiUngaLimited

Hizo ndizo namba nilizokuwa nazitaka. Nyuma: seti kamili ya mabamba ya daraja la mzigo wa kudumu wa kilo 300 hadi 400, kimo milimita 50, yaani zile inchi 2. Ukitaja "heavy" tu dukani watakupa ya kilo 500 na zaidi, ikatae. Mbele: koili za gari lisilo na bampa la chuma, kimo hichohicho. Shokapu nne, bushi za kasta, yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) mpya zote, za zamani usizirudishe. Tairi zako 265/75R16 ziache.

Kijiti cha valvu kiloweshe mafuta tangu leo na ukichezeshe taratibu. Kikikataa kabisa, valvu ibadilishwe kabla ya springi, siyo baada. Ukitoka gereji fanya alaimenti, ukitembea kama kilomita 500 rudia kukaza yuboliti, na upime tena fenda zile nne.

DaktariWaBondeni

Nimeelewa, fundi. Naanza na valvu.