Mwaka mzima nasomea ubunifu wa viatu hapa Tanga, kalibu ni moja na ni ya mguu wa kushoto

Wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Nina hasira kwa hiyo nikiandika ovyo mnivumilie. Nasoma fasheni chuo kimoja hapa Tanga mjini, jina sitaji maana cheti changu bado kiko mikononi mwao. Mwaka huu tuna somo la viatu, na nje ya ada kila mtu kalipa 180,000 ya malighafi, eti ngozi, soli, gundi, nyuzi. Bi mkubwa wangu anauza vitumbua Makorora, hiyo hela naijua ilivyopatikana.

Malighafi mpaka leo ni rimu za karatasi na kalamu za rangi. Tunachora tu. Mtu anachora kisigino kirefu chembamba kama sindano, ticha anapiga tiki, hakuna anayeuliza ndani ya soli pale kwenye uvungu wa mguu kuna kibati gani cha chuma cha kushika uzito, na bila kile kibati kiatu kinakunjika siku ya kwanza tu bibi harusi yuko chini mbele ya wakwe.

Sasa kalibu, ule mguu wa mbao au plastiki wa kuvalishia kiatu wakati unakitengeneza. Darasa watu 23, kalibu MOJA. Namba 40, kushoto. Nikauliza wa kulia uko wapi naambiwa "geuza mchoro". Haya nimegeuza, ngozi nitaivutia wapi, kwenye goti langu?

Nikauliza hii 40 inatokana na nini, jibu, ni namba tu za kiwandani. Kumbe kwa vipimo vya Ulaya namba moja ni theluthi mbili za sentimita, 40 inakuja kama sentimita 26.7, na huo ni urefu wa kalibu sio wa mguu, lazima vidole vibakiwe na nafasi. Sisi tunapima mguu wa mtu na kuchora kwa urefu huo huo!

Nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja fundi viatu. Nikamwamkia, nikamweleza, akacheka weee, akasema mwanangu kanunue ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Akaivalisha kalibu yake tepu yote, akachora mishono kwa penseli juu yake, akachana kwa wembe nyuma kisiginoni akaibandua taratibu kama ganda la chungwa la Muheza, akailaza kwenye boksi akaongeza kama sentimita moja na nusu ya kukunjia chini. Hiyo ndo pateni ya kukatia ngozi. Nusu saa haikufika, chuoni miezi minane sijawahi kuonyeshwa.

Nikashona jozi nzima pale kwake, ngozi ya mbuzi, kingo nimezikwangua mwenyewe ziwe nyembamba mpaka kidole kikatoka damu. Nikapeleka chuo. 41 kwa 100. Maelezo: "kazi ya fundi, si ya mbunifu". Jirani yangu kachora buti ambalo hata pa kuingizia mguu hapaonekani, kala 78.

Halafu kila kipindi Ferragamo, Ferragamo, yule mbunifu wa viatu wa Italia. Huyo Ferragamo si alianza kushona viatu utotoni huko kijijini kwao Italia? Na kile kisigino cha kabari wanachotukaririsha, kile kilichoshikana na soli bila uwazi chini ya mguu, alikitoa miaka ya 1930 kwa vipande vya koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, sababu chuma kizuri cha kuweka kwenye soli kilikuwa hakipatikani. Sasa mtu asiyeshona angejuaje kwamba kibati kibovu kinavunjika?

Nina sapu, yaani mtihani wa marudio, na safari hii wamesema jozi itengenezwe ndani ya chuo, mbele yao, kwa vifaa vyao. Vifaa gani? Jumatatu naenda kudai risiti ya ile 180,000. Na kama kuna mtu hapa Tanga ana kalibu ya kulia namba 40 imelala stoo aseme, nakuja na baiskeli hata usiku.