Tupeane uzoefu: ni badiliko gani moja lililofanya uiamini tena orodha yako ya kazi?

Mtoa mada

Wadau, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kupanga kazi binafsi kwa programu za simu na kompyuta. Siulizi programu ipi ni bora, hilo limeshajadiliwa sana na kila mtu hubaki na yake. Nataka kujua ulibadilisha nini katika namna ya kuitumia, na nini kilikusukuma.

Naanza na yangu. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea. Kwa miaka mitatu kila kazi niliyoiandika niliipa tarehe. Kumjibu mteja, kesho. Kupanga folda ya picha, kesho. Kusoma makala ya istilahi, kesho kutwa. Niliamini kazi isiyo na tarehe itapotea. Basi kila asubuhi nikifungua programu nakutana na safu nyekundu ya viporo, na siku moja nilihesabu 47. Kulikuwa na kitufe cha kupangia upya vyote kwa mkupuo. Nikazoea kukibonyeza kabla hata sijasoma kilichomo.

Asubuhi hiyo, kati ya zile 47, moja ilikuwa na tarehe ya kweli: kukabidhi tafsiri ya mkataba saa sita mchana. Nikaipeleka kesho pamoja na wenzake. Mteja alinipigia saa saba na nusu. Alizungumza kwa upole sana, na upole ule uliniuma kuliko angefoka. Tafsiri yenyewe ilikuwa tayari tangu jana yake, imekaa kwenye kompyuta, ilibaki kutumwa tu.

Jioni niliketi nikafuta tarehe zote. Nikarudisha zile tu ambazo kuna mtu anasubiri upande wa pili, au kuna dirisha litafungwa. Zikabaki tisa. Tangu hapo tarehe kwangu ni ahadi niliyompa mtu. Ninachotamani tu kukifanya leo nakichagua asubuhi kwa mkono, kazi tano zisizidi, nakiweka kwenye orodha ya siku. Sasa natumia Microsoft To Do kwa sababu hiyo: orodha yake ya siku huanza tupu kila kukicha, na usichomaliza hubaki kwenye orodha yake ya asili.

Karibuni.

Mdau, mtengeneza programu

Mtoa mada umegusa penyewe. Naongeza kwamba tarehe ziko za aina mbili, na programu nyingi zimekupa sehemu moja tu ya kuziweka. Kuna siku ya kuanza na kuna siku ya mwisho. Mimi nilielewa hili nilipohamia Org-mode, mfumo wa kupanga kazi ndani ya kihariri cha maandishi Emacs, ambako SCHEDULED ni siku unayokusudia kuishika kazi na DEADLINE ni siku ambayo lazima iwe imekwisha. Ukiweka DEADLINE, huanza kukuonya siku 14 kabla bila wewe kuomba. Programu ya Things nayo imezitenganisha, na programu ya OmniFocus ina tarehe ya kuificha kazi hadi wakati wake ufike.

Huko kuificha kazi kumenisaidia kuliko kikumbusho chochote. Ripoti inayotakiwa mwisho wa mwezi sina haja ya kuiona tarehe 2. Ikinikodolea macho kila siku, ikifika tarehe 25 jicho limeshaizoea na silioni tena jina lake.

Mdau, mpenda bustani

Asanteni wakuu. Langu ni kazi za kujirudia.

Nilikuwa na mmea wa ndani uliotakiwa maji kila baada ya siku nne. Nikaweka kikumbusho. Nikichelewa, labda nikaumwagilia siku ya tatu baada ya tarehe, kesho yake programu inaniambia mwagilia tena. Nikatii. Niliendelea kutii kwa miezi miwili nikidhani najali, mpaka majani yakawa ya njano kuanzia chini. Nilipoutoa kwenye chungu, mizizi ilikuwa myeusi na laini, inakatika ukiigusa, na udongo unanuka.

Programu ilifanya nilichoiagiza. Mimi ndiye sikujua kwamba kujirudia kuko kwa namna mbili: kuhesabu kuanzia tarehe iliyopangwa, au kuhesabu kuanzia siku uliyotia tiki. Kwenye Todoist, programu ninayotumia, tofauti ni alama moja ya mshangao. Ukiandika every 4 days (kila siku nne) inafuata ratiba yake, ukiandika every! 4 days inahesabu tangu ulipomaliza. Bili na kodi ya nyumba zifuate ratiba. Kumwagilia, kubadilisha chujio la maji, kunyoa nywele, kuhifadhi nakala ya mafaili, hivyo vyote vihesabiwe tangu ulipomaliza. Nenda kazitazame za kwako moja moja, utakuta nyingi zimewekwa kinyume.

Mdau, mtengeneza programu

Dada umenifundisha kitu. Kwa wa Org-mode, hiyo ya kuhesabu tangu ulipomaliza ni .+4d badala ya +4d (4d ni siku nne). Kuna na ++, inayoruka zilizopita zote hadi ijayo, nzuri kwa mkutano wa kila Jumatatu uliokosa wiki tatu.

Mdau, muuguzi wa zamu

Mimi zamu zangu zinabadilika kila wiki, kwa hiyo ushauri wa "amka saa kumi na moja upange siku" haunihusu. Kilichonisaidia ni maneno ninayoandika.

Kwa wiki tano orodha yangu ilikuwa na kazi inaitwa "Bima". Neno moja. Kila nikifika hapo naruka, na kila nikiruka nasikia uzito kifuani. Siku moja nikiwa kwenye mapumziko usiku nikajiuliza: kama ningetakiwa kuishika sasa hivi, mkono wangu ungegusa nini kwanza? Jibu likawa: droo ya chini, kutafuta namba ya kadi. Nikafuta "Bima", nikaandika "Tafuta kadi ya bima droo ya chini, piga picha namba". Asubuhi nilipofika nyumbani ilinichukua dakika tatu. Baada ya picha ile, kujaza fomu hakukuwa na ugumu wowote.

Hili David Allen, mwandishi wa kitabu cha kupanga kazi Getting Things Done, alilisema zamani, kwamba andika hatua inayofuata, tena ya kimwili. Nilikuwa nalijua kwa kichwa tu. Sasa kila kazi inaanza na kitenzi: piga, tuma, tafuta, uliza. Na kanuni yake ya dakika mbili, kwamba kazi isiyozidi hapo ifanye palepale, naitumia tu ninaposafisha kikasha, yaani pale ninapotupia kila kinachoingia kabla ya kukipanga. Ukiitumia siku nzima, utamaliza zamu umejibu jumbe na hujafanya la maana.

Mdau

Mimi nimehama programu mara tano. Ya mwisho ilifungwa na waliokuwa wakiiendesha, nikatoa data ikaja bila maelezo niliyoyaandika chini ya kila kazi. Sasa hivi ni faili moja la maandishi kwa mtindo wa todo.txt: kazi moja mstari mmoja, (A) kwa ya kwanza, alama ya kujumlisha kwa mradi, @ kwa mahali. Linafunguka popote. Kabla hujajaza kazi zako kwenye programu mpya, jaribu kwanza kuzitoa uone zinatokaje.

Mtoa mada

Nashukuru sana, leo nimebadilisha kazi zangu sita za kujirudia. Swali: mnapitia orodha nzima lini? Mimi Jumapili hunishinda.

Mdau, muuguzi wa zamu

Siku yoyote ya kwanza ya mapumziko baada ya zamu za usiku, nikishalala. Nusu saa. Kazi iliyosogezwa mara tatu naiuliza: nani ataumia nikikufuta? Asipokuwepo mtu, naifuta.

Mdau mpya

Nimekuwa nawasoma kimyakimya. Jana usiku nimefanya ya mtoa mada. Kazi 112 zilikuwa na tarehe, zimebaki 14. Moja kati ya hizo 14 ni fomu ya mtoto ya shule, mwisho leo saa tisa alasiri, na ilikuwa imezikwa chini ya "panga kabati". Naenda kuijaza sasa hivi, nitarudi kusoma zaidi.