Acheni kusema St Kilda ilikufa kwa kukosa meli. Meli zilikuwepo!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekereka na leo sirembi.

Nimetoka St Kilda, vile visiwa vya Uskochi vilivyo kama kilomita 64 magharibi ya North Uist, ndani kabisa ya Atlantiki. Nauli inapita pauni 200, unakwenda na kurudi siku moja, na bahari ikichafuka safari imeota mbawa. Hilo nimelimeza. Lililonichoma ni muongoza watalii aliyetuambia, kwa sauti ya msibani, kwamba wenyeji walihama mwaka 1930 kwa sababu "hapakuwa na namna ya kuwafikia". Abiria wenzangu wakatikisa vichwa kwa huruma. Jamani!

Kuwafikia kwa ajili ya nini? Kisiwa kilikuwa mali ya ukoo wa MacLeod, na boti la msimamizi wao lilikuja kila kiangazi kuchukua kodi ya manyoya na mafuta ya ndege wa baharini. Kodi ilifikika vizuri tu. Mwaka 1877 stima Dunara Castle ikaanza kuleta watalii, na mwaka 1898 ikaja stima nyingine, Hebrides. Wanashuka, wananunua soksi na mayai, wanawapiga picha wenyeji, wanaondoka zao. Wanaacha mafua, kijiji kizima kinabaki kukohoa.

Kiangazi kikiisha, stima ndiyo basi tena. Ukitaka kutuma barua unachonga kipande cha ubao, unakitoboa tumbo, unaweka humo barua na senti ya stempu ndani ya kopo, unafungia kibofu cha kondoo kilichopulizwa ili kielee, unasubiri upepo wa kaskazini-magharibi, unatupa. Ikibahatika inaokotwa kisiwa cha Lewis. Nyingine zilikwenda kutokea Norway. Leo watalii wanaona ni kitu cha kupendeza! Hao walikuwa raia wa dola yenye jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani, enyi watu.

Na msiniambie baridi ilikuwa kali mno. Januari 1877 meli ya Austria ilivunjika pale, mabaharia wakakwama. Ujumbe uliotupwa majini ulipookotwa, manowari Jackal ilifika mwezi Februari, katikati ya baridi hiyo hiyo, ikawachukua Waaustria.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la majini likaweka kituo cha simu ya upepo na askari wake, na ghafla meli zikapatikana. Barua zinakuja, chakula kinakuja, vibarua vya kulipwa vipo. Mei 1918 nyambizi ya Kijerumani ikakifyatulia mizinga hicho kituo. Serikali ikaleta mzinga wa kujibu baada ya mgeni kuondoka (nimeushika, upo palepale, unaitazama ghuba). Vita ilipokwisha askari wakafunga virago na meli zao, na vijana wakaanza kufuata. Mwaka 1920 walikuwepo watu 73. Mwaka 1928, 37.

Januari 1930 mwenyeji mmoja, Mary Gillies, akaugua akiwa mjamzito. Kumtoa tu kisiwani ilikuwa kazi ya kubembeleza bahari na kusubiri, na alifia Glasgow. Mei wakaandika barua kuiomba serikali iwahamishe, na ndiyo hiyo barua mnayotuonyesha mkisema "waliomba wenyewe". Tarehe 29 Agosti manowari Harebell ikawabeba watu 36. Kondoo wao walikuwa wametangulia ndani ya Dunara Castle, ile ile ya watalii. Mbwa walizamishwa baharini. Wanaume wakapewa kazi ya misitu huko Morvern, Uskochi bara, watu waliotoka kisiwa kisicho na mti hata mmoja!

Sasa hapa ndipo damu inanichemka. Mwaka 1957 jeshi lilitaka rada ya kufuatilia makombora yanayorushwa kutoka kisiwa cha South Uist. Meli zikashusha matingatinga na saruji kwenye ufukwe ule ule ambao walituambia haufikiki. Bado kuna watu wa rada wanaoishi pale, kwa zamu, wana umeme na wanaletewa chakula.

Mnaojiandaa kuniletea habari za jiografia, nielezeni kwanza hiyo ya 1957.