Tupeane uzoefu: kiangazi hiki umefika kitabu cha ngapi?

Fundi wa Chang'ombe
Habari za jioni wakuu. Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima, leo naona nilimwage. Tarehe 1 Juni nilijiwekea ahadi ya vitabu 12, kuanzia siku hiyo hadi tone la kwanza la mvua. Dodoma yetu mnaijua, mvua hatuioni mpaka mwishoni mwa Novemba, mara nyingine Desemba kabisa. Nikasema vitabu viwili kila mwezi, mbona nafasi ipo. Leo Septemba inaisha, niko katikati ya cha sita.

Juni na Julai nilikwenda vizuri. Ule upepo wa baridi ukianza kupiga mabati watoto wanalala mapema, nami najifunika kitenge nasoma hadi saa tano. Agosti zikaja harusi. Sare za kamati, sare za shangazi zake bibi harusi, cherehani hailali. Kitabu kikakaa chini ya meza ya kukatia wiki tatu, na nilipokifungua nikakuta nimesahau nani mtoto wa nani. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Iliniuma sana.

Najua humu kuna wasomaji. Mmefika wapi, na mkikwama mnafanyaje? Semeni hata kama ni kimoja.

Kijana wa Kikuyu
Mimi cha tatu kati ya 10. Hilo la kusahau nani ni nani limenipata mara mbili.

Abiria wa Nzuguni
Mimi treni imenibadilishia kila kitu. Zamani nilikuwa naenda Dar kwa basi mara mbili kwa mwezi, karibu kilomita 450, kitabu kimoja kwenda, kingine kurudi. Tangu treni ya mwendokasi ianze mwaka 2024, saa tatu na nusu hivi nimeshafika, kitabu kiko nusu. Sisemi tulirudie basi, ila zile saa nilizokuwa nasoma sijapata pa kuzifidia. Niko cha nne.

Msomi wa Ipagala
Mimi nimemaliza 14 na bado nina miezi. Siri ni simu, nasikiliza vya sauti nikiwa natembea.

Kijana wa Kikuyu
Kusikiliza si kusoma mkuu. Hizo 14 toa za masikio kwanza ndipo tuhesabu.

Mama wa Kondoa
Kijana, shika adabu kidogo. Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kila jioni namsomea, na yeye ndiye anayenikumbusha tulipoishia jana. Tumemaliza vitano. Njoo umwambie usoni kwamba hajasoma.

Kijana wa Kikuyu
Shikamoo mama. Sikumaanisha hivyo. Ya mama yako nayahesabu yote.

Mwalimu mstaafu
Msikimbilie vitabu vyembamba ili kujaza idadi. Nilichukua Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, haifiki hata kurasa 100, nikajua ni ya wikiendi moja. Ilinichukua mwezi, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote za mwaka huu.

Mtu wa Bahi
Nyie mnahesabu kurasa, mimi nilihesabu hasara. Boksi la vitabu niliweka sakafuni, chini ya uvungu. Nilipolivuta wiki mbili baadaye majalada yalikuwa mazima, ndani udongo mtupu. Mchwa. Vitabu viwekwe juu ya kitu chenye miguu, na kila mguu uwe ndani ya kopo la oili chafu.

Mwana wa Kibaigwa
Fundi, umesema kitabu ulikisahau. Mimi nilisahau shamba.

Masika ya mwaka juzi nilijiwekea vitabu 8, kuanzia kupanda hadi kuvuna. Ilipofika Aprili mtama ulikuwa umeshatoa masuke, punje bado zina maziwa, na anayewajua kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, anajua hapo ndipo wanapopapenda. Baba alinipa zamu ya kuamia, yaani kufukuza ndege shambani. Unapanda dunguni kabla jua halijachomoza, una kombeo, debe bovu na sauti yako. Saa nne wakienda kivulini unapumua, saa kumi unarudi hadi giza. Nikaona hapa ndipo pa kusomea. Ukurasa, kelele, ukurasa, kombeo. Vitabu viwili vikaishia dunguni na hakuna kilichoharibika.

Cha tatu kilikuwa cha marehemu babu, kimeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, cha Mathias Mnyampala, cha mwaka 1954. Mnyampala ni wa hapa hapa, Ihumwa. Mimi ni Mgogo, nimesoma mpaka kidato cha nne, na sikuwahi kushika kitabu kinachowasema watu wangu. Nilisoma nimeinama, nafuata mstari kwa kidole maana wino ulikuwa umefifia.

Kilichoniinua kichwa ni sauti kama ya mvua inayokuja juu ya majani makavu. Nikatazama juu, mbingu nyeupe. Nikatazama chini, upande wote wa bondeni shamba linatikisika. Masuke yameinama kwa uzito wa ndege, midomo myekundu kila mahali. Nikapiga debe, wakanyanyuka kama moshi, wakazunguka, wakatua upande wa pili. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Baba alikuja saa tatu. Akatembea mistari yote hadi mwisho, akarudi na suke moja mkononi, makapi tu. Hakunitukana. Alikaa chini ya dungu akauliza, "Ulikuwa unafanya nini?" Nikampa kitabu. Akaligeuzageuza lile jalada muda mrefu, maana ni la baba yake. Akasema, "Soma hapo ulipofika." Nikasoma huku nalia.

Tulivuna gunia 3, tuliozoea 9 au 10. Unga tulianza kununua Oktoba. Kile kitabu sijakimaliza hadi leo.

Fundi wa Chang'ombe
Pole sana mdogo wangu. Nimeacha kushona nikasoma mara mbili.

Mtu wa Bahi
Baba mpole mno huyo. Wangu angekichoma.

Mwalimu mstaafu
Ndiyo maana watu hawasomi. Mtoto hachomewi kitabu.

Mtu wa Bahi
Mwalimu, wewe ulikuwa unalishwa na mshahara. Sisi ni mtama.

Bwana shamba
Acheni kumhukumu. Nimekuwa kwenye ugani miaka mingi. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, kwa hiyo wakitua 100,000 ni tani nzima. Kundi kubwa likishaamua kushuka, mtu mmoja na debe hawezi, awe anasoma au hasomi. Ndiyo maana hupuliziwa dawa kwa eropleni.

Msomi wa Ipagala
Turudi kwenye uzi. Dada Fundi, kitabu kikikushinda kiache, chukua kingine.

Abiria wa Nzuguni
Usikiache hata kidogo. Ukiacha kimoja utaacha vyote.

Fundi wa Chang'ombe
Cha sita nimekimaliza usiku wa kuamkia leo, kwa kuandika majina ya watu wote kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Mwana wa Kibaigwa, na wewe kimalize hicho cha babu.

Mwana wa Kibaigwa
Dada, jana jioni nilikitoa. Baba alikuwa uani anashona kamba ya kitanda. Nilipofungua nikakuta lile suke la makapi, kumbe aliliweka yeye pale tulipoishia. Nikaanza kusoma, akanisimamisha. Akasema nianzie mwanzo, huko nyuma nilisoma peke yangu.

Mama wa Kondoa
Nimemsomea mama uzi huu wote. Anauliza hicho cha Wagogo tutakipata wapi.