Cologne: Wametufutia chumba wakakiuza upya kwa bei ya juu, mgahawani mama akaletewa soseji ya damu

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana najua humu wamo wanaopanga safari ya Cologne.

Mama yangu amekulia Tanga akisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Ujerumani, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1963. Kwa watu wa rika lake, Cologne ni jina la redioni, tangu kabla redio hiyo, Deutsche Welle, haijahama kutoka Cologne kwenda Bonn mwaka 2003. Siku zote alitaka kuuona mji huo. Tukatafuta chumba karibu kabisa na kanisa kuu, Dom, kwa sababu ya magoti yake, na uthibitisho ukaja kwa barua pepe, bei na tarehe zote zimeandikwa.

Siku chache kabla ya kuondoka, ujumbe: chumba kimefutwa, kuna hitilafu ya mfumo. Nafungua tovuti ileile, nakuta chumba kilekile, tarehe zilezile, bei zaidi ya mara tatu ya ile tuliyopewa sisi. Hitilafu gani hiyo? Ng'ambo ya mto Rhine, mtaa wa Deutz, kuna viwanja vya maonyesho ya biashara. Yakifika makubwa, kama Anuga ya vyakula au gamescom ya michezo ya kompyuta, vyumba huisha na bei hupaa. Hawa walituuzia mapema kwa bei ya kawaida, wakaona wangepata zaidi, wakatutupa. Kwa sheria ya Ujerumani chumba kikishathibitishwa huo ni mkataba, na mwenye hoteli hana ruhusa ya kuuvunja eti amepata mteja wa bei kubwa. Nilipomwambia hivyo mtu wa mapokezi, alinikatia simu. Mama mtu mzima, mgonjwa wa magoti, akaishia kulala pembezoni mwa jiji na kupanda treni kila asubuhi. Na huko nako tulipofika ndipo tukaambiwa kuna kodi ya malazi ya jiji, asilimia 5 ya bei ya chumba. Kodi ya jiji siipingi. Napinga kuificha kwenye tangazo hadi mtu amefika na mizigo yake.

Kanisa lenyewe sitalisema vibaya. Lilianza kujengwa mwaka 1248, kazi ikasimama kwa takriban miaka 300, likakamilika mwaka 1880, minara yake mita 157. Mama alikaa sana mbele ya dirisha la Gerhard Richter la mwaka 2007, vioo zaidi ya 11,000 vya rangi, mwanga unamwagika sakafuni. Mnarani hakupanda, ni ngazi 533 na lifti hakuna. Makumbusho ya Kirumi pembeni yake, jengo lake limefungwa kwa ukarabati tangu 2019, na bado kipeperushi cha hoteli kinalitaja kama kivutio cha jirani!

Sasa chakula, na hapa ndipo damu inanichemka hasa. Tuliingia mgahawa mmoja wa mji wa kale, wa zile nyumba za bia, menyu imeandikwa kwa lahaja ya Cologne. Nikamwambia mhudumu wazi kabisa: mama ni Mwislamu, hali nguruwe, hii Himmel un Ääd ina nini? Akajibu viazi vya kupondwa na tufaha. Sahani ikaja na vipande vya soseji ya damu ya nguruwe, vimekaangwa na kuwekwa juu ya viazi. Nikairudisha. Jibu lake: ndivyo inavyoliwa hapa, kila mtu anajua. Sisi tungejuaje, na tumeuliza? Bili ikaja na sahani ile humohumo, na meneja akasimama upande wake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimisha kutaja vitu 14 vinavyoleta mzio, lakini nguruwe si mmoja wao, kwa hiyo asiyekula hana kinga nyingine ila ukweli wa mhudumu. Mama hakugombana na mtu. Aliinuka tu, akasema twende, na siku ile hakula tena hadi usiku.

Aliyetunusuru ni Mturuki mmoja wa Weidengasse, mtaa ulio upande wa kaskazini wa stesheni kuu, unaweza kwenda kwa miguu. Nyama ya kuchoma, supu ya dengu, akamwekea mama kiti chenye mto bila kuombwa. Mnaokula halali, nendeni huko moja kwa moja.

Hoteli ya kwanza nimeiandikia nikidai tofauti ya bei tuliyolipa kwingine. Kimya. Barua pepe ya uthibitisho ninayo, na picha za tangazo la bei mpya ninazo, tarehe zinaonekana. Wakuu mlioko Ujerumani, yupo aliyewahi kudai fidia ya namna hii akalipwa? Ulianzia kwa shirika la kutetea walaji au kwa wakili? Na kesi ndogo kama hii inawezekana kuifungua ukiwa nje ya nchi?